Uoni hafifu, mwaka wa kwanza chuo kikuu Mbeya: tuombe nini, kwa nani na lini?

Dada_wa_Uyole

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada wa wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Mdogo wangu amechaguliwa chuo kikuu hapa Mbeya, shahada ya ualimu, Jiografia na Kiswahili. Ana ualbino na uoni hafifu. Kitabu anakisoma akikisogeza karibu kabisa na uso, ubaoni haoni hata akikaa kiti cha mbele, na mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Kidato cha sita Baraza la Mitihani lilimpa karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza, na pale shuleni walimu wa elimu maalumu ndio walioshughulikia kila kitu.

Utaratibu ule wa Baraza unahamia chuoni wenyewe au tunaanza upya? Daktari aandike nini kwenye barua yake? Kwenye mkopo wa Bodi kuna fungu la vifaa vyake? Na mitihani ya mwisho wa semista inapangwaje, asije akafika ukumbini akawekewa karatasi ya kawaida? Rafiki yake ambaye ni kiziwi anakwenda chuo Iringa, kwa hiyo mwenye kujua upande wa ukalimani naye asipite kimya. Natanguliza shukrani.

Mratibu_Nyanda

Dada, hauhami. Baraza la Mitihani lina utaratibu wake: dakika 20 za nyongeza kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na karatasi zilizokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Chuo kikuu hutunga na kusimamia mitihani yake chenyewe, kwa hiyo muda wa nyongeza uko kwenye kanuni za mitihani za chuo hicho, na si lazima ziwe dakika zile zile. Zisomeni mapema. Mkikuta zinasema tu kwamba mwenye mahitaji maalumu atapangiwa utaratibu, bila kutaja dakika, basi barua yenu ndiyo itaje dakika mnazoomba.

Ila alichopewa kidato cha sita ni ushahidi mzito, msiuache. Mkuu wa shule au mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu aandike nusu ukurasa tu: alitumia maandishi ya ukubwa gani, aliongezewa dakika ngapi, alifanyia mtihani chumba gani, kifaa gani alikuwa nacho. Chuo kikiona kwamba jambo limekwisha kufanyika na likawezekana, mjadala unakuwa mfupi.

Kinachowakwamisha wengi ni kupeleka ugonjwa badala ya kupeleka ombi. Barua inasema "mwanafunzi ana ulemavu wa macho, naomba asaidiwe". Inapokelewa kwa huruma, inagongwa muhuri, inaingia kwenye faili. Wiki ya mitihani ikifika hakuna aliyechapa karatasi kubwa kwa sababu hakuna aliyeagizwa kuichapa. Chuo ni ofisi nyingi na kila kitu kina mwenyewe: karatasi ya mtihani ni ya ofisi ya mitihani kupitia idara, ukumbi ni wa anayepanga ratiba, slaidi ni za mhadhiri, chumba ni cha ofisi ya malazi. Mshauri wa Wanafunzi ndiye mlango wa kuingilia (na kama chuo kina kitengo au mratibu wa mahitaji maalumu, ni huyo), lakini yeye hachapi mtihani. Kwa hiyo barua moja iende kwake, ikiwa na orodha ambayo kila mstari unaonyesha kizuizi, kinachotakiwa, nani atatekeleza na lini. Mfano:

"Sisomi maandishi ya pointi 12. Naomba karatasi za majaribio na mitihani zichapwe upya kwa pointi 20, fonti ya Arial, karatasi ya A4 upande mmoja. Idara na ofisi ya mitihani. Siku 14 kabla ya mtihani wa kwanza.

Sioni ubao wala projekta. Naomba slaidi za kila kozi zitumwe kwa barua pepe saa 24 kabla ya kipindi, zikiwa faili la Word au PowerPoint, si picha. Wahadhiri wa kozi zilizoorodheshwa hapa chini.

Nasoma polepole kwa sababu ya macho kucheza (kutikisika yenyewe). Naomba dakika 15 za nyongeza kwa kila saa ya mtihani, na kiti kisichotazama dirisha. Ofisi ya mitihani."

Chini yake waandike kozi zote za semista kwa namba zake na majina ya wahadhiri. Barua inaandikwa upya kila semista, maana kozi zinabadilika na wahadhiri pia. Nakala moja ibaki na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo nakala ndiyo itakayozungumza kama mambo yataenda kombo.

Kuhusu daktari: jina la hali pekee halitoshi. Aandike uoni wa kila jicho baada ya miwani (kwa mfano 6/60, yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita 60), uoni wa karibu, kama macho yanacheza, kama mwanga unaumiza, na kama hali ni ya kudumu. Neno "ya kudumu" ni muhimu, vinginevyo kila mwaka mtaambiwa mlete barua mpya. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, uoni hafifu ni chini ya 6/18 hadi 3/60 kwenye jicho zuri zaidi, baada ya kurekebishwa kwa miwani. Halafu daktari amalizie kwa sentensi moja ya kazi: "anahitaji maandishi yasiyopungua pointi 18 na muda wa nyongeza". Barua ya daktari isiyo na sentensi hiyo inamwachia mtu wa ofisi kukisia.

Muda wenyewe: fomu ya uchunguzi wa afya inayokuja na maelekezo ya kujiunga ina sehemu ya ulemavu. Ijazwe, isiachwe wazi kwa aibu. Ombi la chumba liende kabla chuo hakijafunguliwa, kwa sababu vyumba vya chini huisha kwanza. Barua kubwa iwasilishwe wiki ya kwanza au ya pili, mara tu kozi zinapojulikana. Ikipelekwa wiki ya 12, hata ofisi yenye nia njema itashindwa, maana mitihani imekwisha kutungwa na kupelekwa kuchapwa kwa siri.

MsomaSkrini_Mby

Naongezea upande wa karatasi na kompyuta, maana hapo ndipo watu wanapopewa kitu kinachofanana na msaada lakini hakisomeki.

Maandishi makubwa kwanza. Njia ya haraka inayotumika maofisini ni kuchukua karatasi ya A4 na kuikuza kwenye fotokopi iwe A3. Hiyo ni asilimia 141. Maana yake maandishi ya pointi 12 yanakuwa kama pointi 17, bado hayafiki 18. Halafu A3 haikai kwenye kile kimeza cha kiti cha ukumbini. Mwanafunzi anaikunja, anaigeuzageuza, anapoteza mstari, na dakika za nyongeza zinaishia hapo. Fotokopi ya fotokopi nayo inatia ukungu kwenye herufi. Kuchapa upya kutoka kwenye faili ni bora mara nyingi: pointi 18 hadi 22, fonti isiyo na mikia, nafasi ya mstari mmoja na nusu, nyeusi kwenye karatasi isiyong'aa, upande mmoja ili wino wa nyuma usionekane. Anayechapa ahakikishe swali na jedwali lake viko ukurasa mmoja, kwa sababu ukikuza maandishi kurasa zinaongezeka na jedwali linakatika katikati.

Ukubwa wenyewe msiuchague kwa mazoea. Chapeni aya moja kwa pointi 16, 18, 20, 24 na 28, asome kila moja kwa dakika tatu mfululizo, mhesabu maneno. Kasi inapanda hadi ukubwa fulani, kisha inasimama au inashuka, kwa sababu herufi kubwa mno zinamfanya aone maneno mawili tu kwa wakati. Ukubwa mdogo kabisa uliompa kasi ya juu ndio wa kuandika kwenye barua.

Noti. Kuna jaribio la sekunde tano la kujua kama PDF ni maandishi au ni picha: jaribu kuchagua neno moja kwa mausi. Likichaguliwa, linasomeka na linakuzwa bila shida. Lisipochaguliwa, ni picha ya ukurasa. Picha ukiikuza inapita nje ya skrini pande zote, na programu ya kusoma skrini kwa sauti itasema ukurasa ni mtupu. Handauti nyingi za steshenari ziko hivyo, zimeskaniwa zikiwa na mistari ya kalamu ya mtu na kivuli cha mgongo wa kitabu. Zikilazimu kuskaniwa, iwe dipiai 300 (nukta 300 kwa inchi), ukurasa umenyooka, kisha zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Baada ya hapo mtu mwenye macho azipitie, maana namba na majina ya mahali ndiyo huharibika kwanza.

NVDA ni programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows, na sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo inasoma Kiswahili. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili na Jiografia hilo ni jambo kubwa: abadilishe sauti kulingana na lugha ya noti, la sivyo Kiswahili kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza na hataelewa kitu. Inaanza kwa Ctrl+Alt+N, na ukiwa kwenye picha yenye maandishi bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na R, Windows 10 na 11 zitajaribu kuyatambua. Hata kama bado anasoma kwa macho, ajifunze sasa. Kusoma kurasa 60 kwa wiki kwa kusogeza karatasi kwenye pua kunaumiza shingo na kichwa, na masikio yanaweza kubeba nusu ya mzigo huo. Kwenye simu za Android ipo TalkBack inayofanya kazi hiyo hiyo, na ukuzaji wa skrini unawashwa kwenye mipangilio ya ufikivu.

Ubao: kamera ya simu ikuze, au darubini ndogo ya mkono ya kukuza mara 4 hadi 8. Ile ya mara 8 ina eneo dogo sana la kuona na mkono ukitetemeka hupati neno. Wengi wanaanza na ya mara 4. Kliniki ya uoni hafifu ndiyo inayopima ipi inafaa. Hospitali za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi zina huduma hiyo.

Na msisahau kundi la WhatsApp la darasa. CR (kiongozi wa darasa) anapiga picha ya tangazo la ubao, imepinda, ina kivuli, anaituma, basi. Hapo ndipo mabadiliko ya ukumbi wa test yanapompita mtu. CR aombwe aandike mstari mmoja chini ya picha: kozi, tarehe, saa, ukumbi. Na kwa yule rafiki kiziwi, sauti za WhatsApp ni hivyo hivyo, ziandikwe.

Dada_wa_Uyole

Asanteni sana, nimeshaanza kuandika. Wasiwasi alionao mwenyewe ni kutangazwa darasani. Hataki mhadhiri asimame aseme "yule pale ana tatizo la macho, mkae naye vizuri". Barua ikienda kwa wahadhiri wote si ndiyo kutangazwa kwenyewe? Na je, akifanyia mtihani kwenye kompyuta inakuwaje?

Mratibu_Nyanda

Wasiwasi wake ni wa haki. Mhadhiri hahitaji kujua ugonjwa, anahitaji kujua afanye nini. Kwa hiyo kunakuwa na karatasi mbili. Barua ya daktari inabaki kwenye faili la Mshauri wa Wanafunzi au la kituo cha afya cha chuo. Kwa wahadhiri inakwenda taarifa fupi kutoka ofisi hiyo: "Mwanafunzi namba fulani anapewa slaidi saa 24 kabla, na karatasi za pointi 20." Basi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo ofisi haina ruhusa ya kuzisambaza ovyo. Na mwenyewe ana haki ya kumwambia mhadhiri kwa faragha, "naomba usinitaje darasani".

Mtihani kwa kompyuta unawezekana na mara nyingi ndio safi zaidi, lakini uandaliwe hivi. Kompyuta ni ya chuo, si yake. Intaneti imezimwa, mafaili mengine yameondolewa, NVDA au kikuza skrini vimewekwa na kujaribiwa na yeye mwenyewe siku moja au mbili kabla. Iwe laptopu yenye betri iliyojaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mtihani kompyuta ya mezani inakufa na majibu yake. Kuhifadhi kwa otomatiki kuwekwe kila dakika moja au mbili, na nakala iwe kwenye flashi ya ofisi ya mitihani. Akimaliza, yanachapwa mbele yake, anasaini kila ukurasa, msimamizi naye anasaini, kisha faili linafutwa kwenye kompyuta. Hatua ya kusaini ikirukwa, ubishi ukitokea hakuna pa kushika.

Akiwa na mwandishi badala ya kompyuta, mwandishi asiwe wa darasa lake wala wa kozi hiyo, lakini awe anayafahamu maneno ya fani kiasi cha kuyaandika sawasawa. Anaandika alichoambiwa tu, bila kurekebisha. Wafanye mazoezi angalau mara mbili kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kutamka jibu la insha huku mtu akiandika ni ujuzi, haumjii mtu siku ya kwanza. Kwa mwenye uoni hafifu anayeandika mwenyewe mwandishi si lazima, msikubali apewe tu kwa sababu ndicho kilichopo.

Hesabu za muda zifanywe kabla. Mtihani wa saa tatu ukianza saa 2 asubuhi unaisha saa 5. Kwa dakika 15 kila saa inaongezeka dakika 45, anamaliza saa 5:45. Kama ana mtihani mwingine saa 8 mchana, anabaki na saa mbili na robo, inatosha. Lakini kama ratiba imeweka mwingine saa 6, muda wa nyongeza unakuwa umekula karibu mapumziko yake yote. Ratiba ya awali inapobandikwa, aiangalie siku hiyo hiyo na kupeleka migongano kwa maandishi. Ratiba ya mwisho ikitoka haisogezwi kirahisi.

Jambo la mwisho hapa: siku tatu kabla ya mtihani wa kwanza aende ofisi ya mitihani kuthibitisha mambo matatu. Karatasi kubwa zimo kwenye bahasha? Jina lake limo kwenye orodha ya msimamizi wa chumba husika? Dakika zimeandikwa kwa namba? Msimamizi ambaye hana karatasi mkononi atakusanya saa 5 kama wengine, na yuko sahihi kwa alivyoagizwa.

Mwl_Ilomba

Kuhusu Bodi ya Mikopo, kwa ufupi. Ulemavu wa mwombaji ni moja ya mambo yanayoangaliwa katika kupima uhitaji, lakini haufanyi kazi mpaka uthibitishwe. Kuna fomu ya ulemavu inayopakuliwa, inajazwa na kusainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, ndipo inapakiwa kwenye mfumo wa maombi. Barua ya zahanati au ya daktari binafsi haichukui nafasi ya fomu hiyo. Kinachoharibu mara nyingi ni skani: saini au muhuri umekatwa pembeni, au jina kwenye fomu linatofautiana herufi moja na la cheti cha kuzaliwa. Akiwa amekosa au amepangiwa kidogo, kuna dirisha la rufaa, nalo linafungwa haraka, kwa hiyo nyaraka ziwe tayari.

Kuhusu fungu la vifaa, wengi huchanganya. Kile kipengele cha mahitaji maalumu ya vitivo ni kwa vifaa vya fani, kama vya uhandisi au tiba. Si fungu la lenzi na darubini. Bumu lake (fedha za mkopo) la vitabu na viandikwa litamsaidia kuchapa na kuskani, lakini vifaa saidizi vyenyewe viombwe chuoni na kwenye vyama vya watu wenye ulemavu. Na ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri ni ya watu wenye ulemavu wenye shughuli za kiuchumi, msipoteze nauli kuifuata kwa ajili ya ada.

Mkalimani_Kihesa

Nachukua swali la rafiki anayekuja Iringa.

Ombi la mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania lipelekwe mara tu anapothibitisha nafasi, kabla hata ya kufika. Mkalimani hapatikani kwa siku moja kama projekta. Chuo kinatakiwa kutafuta, kukubaliana malipo, kuingiza kwenye bajeti. Kwenye barua aandike idadi ya saa za vipindi kwa wiki, zikijumlishwa kutoka kwenye ratiba: mihadhara, semina, maabara. Ofisi ya fedha inaelewa "saa 18 kwa wiki kwa wiki 15", haielewi "mkalimani wa kudumu".

Kipindi kirefu kinataka wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akifanya saa mbili mfululizo, akili inachoka kabla ya mikono, na anaanza kuruka maneno bila yeye mwenyewe kujua. Kiziwi anapata robo tatu ya somo akidhani amepata lote. Chuo kikisema kina uwezo wa mmoja tu, basi mhadhiri akubali mapumziko ya dakika 5 hadi 10 kila nusu saa, na liandikwe.

Mkalimani apewe slaidi siku mbili kabla. Maneno ya fani mengi hayana alama iliyozoeleka, hivyo yeye na mwanafunzi wakubaliane alama za muda au watumie alfabeti ya vidole. Wasipokubaliana mapema, neno moja litapewa alama tatu tofauti ndani ya semista. Mkalimani akae karibu na mhadhiri, mwanga uwe usoni mwake na si mgongoni, ili mwanafunzi awaone wote wawili na slaidi kwa mtazamo mmoja. Taa zikizimwa kwa ajili ya projekta, ukalimani umezimwa nao. Iachwe taa moja ya mbele.

Halafu kuna hili ambalo husahaulika kabisa: kiziwi hawezi kutazama mkalimani na kuandika noti kwa wakati mmoja. Anahitaji mwandishi wa noti, mwanafunzi mwenzake mwenye mwandiko mzuri, na noti zipigwe picha siku hiyo hiyo. Bora wawe wawili wa kupokezana, ili mmoja akiugua asikose.

Kwenye mtihani, maelekezo ya mdomo na masahihisho ya maswali yanayotangazwa ukumbini yaandikwe ubaoni. "Swali la 3, badala ya 2015 someni 2005" likisemwa tu, yeye atajibu la 2015. Wengi wa viziwi lugha yao ya kwanza ni ya alama, kwa hiyo aombe pia ufafanuzi wa maneno ya swali kwa alama, huku idara ikiweka mpaka wazi: maneno ya kawaida yafafanuliwe, istilahi inayopimwa isifafanuliwe.

Kwa kuunganishwa na wakalimani na viziwi wenzake, CHAVITA ndicho chama cha viziwi, na pale mjini Iringa Neema Crafts kuna viziwi wengi wanaofanya kazi. Ni mahali pazuri kwa mgeni kupata watu wa kuzungumza nao lugha yake.

Afya_Iganzo

Dada, mambo ya Mbeya yenyewe kwa kijana mwenye ualbino. Baridi ya huku inadanganya. Mji uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda mionzi ya jua inayounguza ngozi inakuwa mikali zaidi, hata siku ambayo umevaa sweta na mawingu mepesi yametanda. Mtu aliyezoea kujikinga anapohisi joto, huku ataungua bila kuhisi. Losheni ya kukinga jua isipungue SPF 30, ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili akiwa nje. Masikio, shingo ya nyuma na midomo visisahaulike. Moshi inatengenezwa losheni mahususi kwa watu wenye ualbino, ulizeni kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa namna ya kuipata. Kofia iwe na ukingo wa pande zote, sentimita 7 au zaidi. Kepu inaacha masikio na shingo.

Kwa sababu hiyo hiyo, ratiba ina uzito. Semina na michezo ya lazima kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni iwe ndani au kivulini. Safari za fildi za Jiografia ndizo za kuangalia hasa: apewe ratiba mapema, na kazi ya nje kabisa ifanyike asubuhi.

Hosteli: aombe chumba cha chini au chenye ngazi zenye mwanga, na ukingo wa kila ngazi upakwe rangi ya njano, mstari wa sentimita 5. Ni kopo moja la rangi. Ngazi za saruji zote za kijivu, mwenye uoni hafifu anaziona kama sakafu moja, na mvua za Novemba hadi Aprili zikianza zinateleza. Kama atapanga mtaani, njia ya kurudi usiku ipimwe kwa taa na mitaro, si kwa bei ya chumba peke yake.

Mazoezi ya kufundisha nayo yaingie kwenye barua ya mwaka wa kwanza kama tahadhari: apangiwe shule iliyo karibu na usafiri, si ya kutembea kilomita 5 juani, na darasa la wanafunzi wenye idadi inayowezekana kuwatambua kwa mpango wa viti.

Dada_wa_Uyole

Mungu awabariki. Maswali mawili ya mwisho. Wakikataa je? Na kwenye Jiografia kuna ramani, karatasi ya usomaji ramani inakuzwaje?

Mratibu_Nyanda

Wakikataa, aombe jibu kwa maandishi lenye sababu. Mara nyingi ombi hilo peke yake linafungua mlango, kwa sababu kukataa kwa mdomo ni rahisi kuliko kusaini. Ngazi ni Mkuu wa Idara, Mshauri wa Wanafunzi, kisha Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, na serikali ya wanafunzi ipewe nakala. Mtaje Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinagusa elimu ya juu kwa jina na kinataka marekebisho yafanyike kwa mwanafunzi. Nje ya chuo, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko. Kama tatizo limetokea siku ya mtihani, alalamike kwa maandishi siku hiyo au kesho yake, kabla matokeo hayajatoka. Malalamiko yanayokuja baada ya sapu (kufeli na kutakiwa kurudia mtihani) yanaonekana kama kisingizio hata yakiwa ya kweli.

MsomaSkrini_Mby

Ramani nimeifurahia, maana hapa karatasi iliyokuzwa inaweza kumkosesha alama mwanafunzi anayejua.

Ramani zetu za mandhari nyingi ni za kipimo cha 1:50,000. Ukiikuza asilimia 141, kipimo kilichoandikwa pale chini kinabaki 1:50,000, lakini si kweli tena. Sasa ni kama 1:35,500. Umbali uliokuwa sentimita 4, yaani kilomita 2, sasa anaupima kwa rula anapata sentimita 5.64. Akitumia kipimo kilichoandikwa anapata kilomita 2.8 na anakosa, wakati njia yake yote ni sahihi. Eneo linakosea zaidi, linakuwa karibu mara mbili. Dawa ni moja kati ya hizi: idara ifute kipimo cha namba na kumwacha atumie kipimo cha mstari (ule mstari uliogawanywa kwa kilomita), ambacho kinakua pamoja na ramani na kinabaki kweli, au iandike kipimo kipya juu ya nakala yake na msahihishaji apewe majibu ya nakala hiyo. Kipimo cha mstari ndio salama zaidi, mradi fotokopi isikikate pembeni.

Rangi nayo. Kontua (mistari ya miinuko) za kahawia na mito ya bluu kwenye fotokopi nyeusi na nyeupe vinakuwa kijivu kimoja hafifu. Akuziwe kwa rangi, au mtunzi achore upya kwa wino mzito sehemu inayoulizwa tu: kontua kuu nene, ndogo nyembamba, namba za miinuko pointi 18, na alama zisizohitajika kwenye swali ziondolewe. Gridi zibaki zote, kwa sababu anahitaji namba za mashariki na kaskazini kutaja mahali. Na aruhusiwe kikuza cha mezani chenye taa, kile kinachokaa juu ya karatasi, mikono ibaki huru kwa rula. Kitajwe kwenye barua kwa jina, la sivyo msimamizi atakizuia mlangoni kama kifaa kisichoruhusiwa.